Mtihani ni shahidi, si hakimu



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, mitaa yetu hubadilika rangi. Vijana waliofaulu hupakwa poda nyeupe kichwani na usoni, hupita barabarani wakiimba, na mama zao huwafuata kwa vigelegele. Kila mtu ajua ni nyumba ipi iliyopata diploma. Kila mtu ajua pia ni nyumba ipi iliyofunga mlango mapema siku ile. Kijana wa nyumba hiyo amekaa shuleni miaka kumi na miwili kama wenzake, wazazi wake wamelipa minervali kama wengine, na leo hana karatasi ya kuonyesha.

Twafurahi pamoja na wenye furaha. Hata hivyo yafaa tuulize swali ambalo wazazi wengi huliuliza kwa sauti ndogo: Je, ni haki mwanafunzi azuiwe kwenda mbele kwa sababu ameshindwa mtihani mmoja wa mwisho? Wengine husema: Ni haki kabisa, maana bila mtihani hakuna masomo. Wengine husema: Mtihani ni ukatili, uondolewe. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya ukweli. Twaona pia kwamba nusu zote mbili zinaharibiwa na jambo moja ambalo hatupendi kulitaja. Leo tutalitaja.

Swali la mama mmoja

Mwaka fulani, majuma machache kabla ya mtihani, alitujia mama mjane anayeuza makaa sokoni. Mwanawe alikuwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari. Gharama za mtihani alikwisha kuzilipa, tena kwa taabu. Sasa alikuwa ameambiwa alete mchango mwingine.

Tukamwuliza: «Mchango wa nini, Mama?»

Akajibu: «Wa kuwapokea wakubwa watakaolinda chumba, Bwana Mwalimu, ili wasiwe wakali mno.»

«Lakini, Mama, hiyo si rushwa?»

«Najua ni rushwa. Lakini wazazi wote wamekwisha kutoa. Mwanangu peke yake aanguke kwa sababu mama yake hakutaka dhambi?»

Tulimwambia maneno mawili matatu ya kumtuliza, naye akaenda zake. Jibu la kweli hatukuwa nalo. Tangu siku ile swali lake halikutuacha, na maneno tunayoandika hapa ni jibu letu lililochelewa.

Mtihani huu ulitoka wapi?

Ili tusiseme ovyo, tukumbuke kwanza chanzo chake. Mtihani wa Serikali, ambao vijana wetu huuita Exetat, ulianza mwaka 1967, miaka saba baada ya uhuru wa Kongo. Kabla ya hapo diploma ilitolewa na shule yenyewe, kisha Serikali ikaichunguza na kuithibitisha. Ni rahisi kuona shida iliyomo katika desturi ile. Shule moja ina walimu wenye elimu na vitabu tele. Nyingine ina ubao na chaki tu. Karatasi zao zafanana, lakini vichwa vya wanafunzi wao havifanani. Tena mkubwa wa shule aweza kumpendelea mwana wa rafiki yake, au kumwonea mwana wa maskini.

Basi likawekwa pimo moja kwa nchi nzima. Kwanza mwanafunzi huandika insha kwa Kifaransa, na wale wa ufundi huonyesha kazi ya mikono yao. Baadaye huja siku nne za maswali: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya sehemu aliyoichagua. Mwana wa Kalemie, mwana wa Kisangani na mwana wa Kinshasa huketi siku zile zile. Apataye alama 50 kwa 100 au zaidi hupewa diploma, na diploma hiyo humfungulia mlango wa Chuo Kikuu.

Pimo hili lilidumu katika misukosuko mingi. Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ilizitwaa shule za Makanisa. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 ikazirudisha chini ya uongozi wao. Wakubwa wa shule walibadilika, vitabu vikabadilika, hata jina la nchi likabadilika kuwa Zaire na kurudi tena kuwa Kongo. Mtihani ukabaki.

Kwa nini ulibaki? Kwa sababu una wema mmoja mkubwa, na anayetaka uondolewe inampasa autazame wema huo usoni: karatasi ya mtihani haimjui baba wa mwanafunzi. Mbele ya karatasi ile mwana wa mkulima na mwana wa waziri ni sawa. Katika nchi ambamo mengi hupatikana kwa kujuana, mtihani wa haki ni kimbilio la asiye na mtu. Ukiuondoa bila kuweka kitu kingine, maskini ndiye atakayepoteza kwanza, maana tajiri ataongea na mkubwa wa shule, naye maskini ataongea na nani?

Lakini karatasi haijui mambo mengine pia

Sasa tugeuke upande wa pili. Ni kweli karatasi haimjui baba wa mwanafunzi. Lakini haijui pia kama mwanafunzi huyo alikuwa na mwalimu wa hesabu mwaka ule. Haijui kama alitembea saa mbili kila asubuhi kabla ya kuketi darasani. Mwezi wa Januari 2025 mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa M23, shule zilifungwa na maelfu ya jamaa wakakimbia na magodoro kichwani. Mtoto aliyekimbia hivi na mtoto aliyesoma kwa amani mwaka mzima wakiletewa maswali yale yale, maswali ni sawa, lakini mwaka haukuwa sawa.

Hapo tunafika kwenye shina la neno letu. Mtihani ni shahidi. Shahidi mwema husema alichokiona: Kijana huyu, siku ile, aliweza hiki na hakuweza kile. Hasemi kwa nini. Hasemi ni kosa la nani. Hasemi kijana huyu atakuwa mtu wa namna gani kesho. Kazi ya kupima maneno ya shahidi, kuuliza sababu na kutoa hukumu, ni kazi ya hakimu. Na hakimu wa haki hamsikilizi shahidi mmoja tu akafunga kesi. Hakimu mwenye busara hutafuta ushahidi mwingine pia, hata mtu akishitakiwa kwa kuiba kuku. Mbona kwa maisha ya mtoto tunaridhika na mmoja?

Shahidi wa pili yupo. Ni mwalimu, aliyemwona mtoto miezi kumi, akasahihisha daftari zake, akajua lini aliugua na lini alicheza. Ushahidi wake umo katika buletini. Basi swali la kwanza, «Mtihani uwepo au usiwepo?», halitoshi. Swali ni hili: Katika kila mlango wa masomo, shahidi huyu aulizwe nini, na neno lake liwe na uzito gani?

Milango si mamoja. Tuitazame mmoja mmoja.

Mlango wa katikati

Mwisho wa mwaka wa sita wa shule ya msingi mtoto hukuta mtihani wa nchi nzima, ule ulioitwa kwa miaka mingi TENAFEP. Mtoto huyo ana umri wa miaka kumi na miwili hivi. Akipata cheti, aingia mwaka wa saba. Asipopata, atarudia mwaka, au, kama nyumbani hakuna nguvu, atabaki sokoni akisukuma chukudu, au shambani, au katika mashimo ya madini.

Tulinganishe jambo hili na sheria yetu wenyewe. Katiba ya mwaka 2006 yasema elimu ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na ni bure; na tangu Septemba 2019 neno hilo la bure lilianza kutekelezwa, hata watoto wengi waliokuwa nyumbani wakajaa madarasani. Tena sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa ilipanga kwamba elimu ya lazima kwa kila mtoto iwe ya miaka minane: sita ya msingi, na miwili baada yake. Haya ni maneno mazuri. Lakini ikiwa njia ni ya miaka minane, mbona kuna ua uliofungwa kwenye mwaka wa sita? Baba gani huwaambia wanawe, «Ninyi nyote ni lazima mfike mtoni», kisha akafunga njia katikati na kuwapitisha wenye mbio tu?

Wenzetu wa Kenya walikuwa na ua kama huo. Mtihani wao wa mwisho wa shule ya msingi, KCPE, ulianza mwaka 1985. Mwaka 2018 Serikali yao ilitia nguvu amri kwamba kila mtoto aliyeufanya aingie sekondari, na mwaka 2023 mtihani huo ulifanyika kwa mara ya mwisho. Katika mpango wao mpya mtoto wa darasa la sita bado hupimwa, lakini hazuiwi. Alama zake hutunzwa, zikajumlishwa baadaye na kazi za darasani na mtihani wa darasa la tisa. Hatusemi kwamba kila kitu kwao ni chema. Madarasa yalijaa kupita kiasi, na walimu walilalamika, na walikuwa na haki. Kufungua mlango bila kuongeza viti si huruma kamili. Lakini angalau walikubali ukweli huu: mtoto wa miaka kumi na miwili hajamaliza kuwa mtu, na siku chache za mtihani hazitoshi kumtenga.

Kwa hiyo twasema wazi: katika mlango wa katikati, mtihani ubaki, lakini usifunge njia. Uwe kama mganga apimaye homa. Mganga akikuta mtoto ana homa hamfukuzi hospitalini, ndipo anapomlaza. Mtoto aliyeshindwa hesabu katika mwaka wa sita aingie mwaka wa saba na barua mkononi isemayo: Huyu asaidiwe hesabu. Mwishoni mwa mwaka wa nane kuna mtihani mwingine, ule wa kuchagua na kuonyesha njia: huyu afaa ufundi, huyu ualimu, huyu biashara, huyu sayansi. Jina lake lina maneno mawili, kuchagua na kuonyesha njia. Twaomba neno la pili lipewe nguvu kuliko la kwanza.

Tunasikia mwalimu mmoja akitujibu: «Ninyi mnaoandika hamjui darasa. Watoto wakisikia kwamba mtihani haufungi mlango, hawatagusa daftari tena.» Bwana Mwalimu, tunalijua darasa, na neno lako si la bure. Hofu huamsha mtoto mvivu. Lakini hofu humfundisha nini? Tumeona madarasa ya mwaka wa mwisho ambamo tangu Januari hakuna somo tena. Ni kukariri tu maswali ya miaka iliyopita na majibu yake. Mtoto ajua kwamba jibu ni namba tatu, bali hajui kwa nini si namba nne. Mwezi wa Septemba ukimwuliza, amekwisha kusahau hata namba tatu. Hiyo ndiyo elimu ya hofu.

Mlango wa mwisho

Wengine watafikiri sasa kwamba tunataka kulegeza kila kitu. Sivyo. Katika mlango wa mwisho, ule wa diploma, neno letu ni kali.

Cheti cha mwaka wa sita chamhusu mtoto mwenyewe: kinampa nafasi ya kujifunza zaidi. Lakini diploma yahusu watu wengine. Ni ahadi iliyotiwa sahihi mbele ya taifa lote: Huyu ajua, mnaweza kumtegemea. Mwenye diploma ya biashara atashika vitabu vya hesabu vya watu. Na mwenye diploma ya sehemu ya ualimu, mara tu akiipata, aweza kuingia darasa la shule ya msingi na kufundisha. Atawafundisha nani? Watoto wetu na wajukuu wetu.

Fikirini juu ya mduara huu, ninyi wazazi. Kijana asiyejua kugawanya namba anasukumwa mpaka diploma kwa huruma, au kwa fedha. Mwaka unaofuata anasimama mbele ya watoto hamsini, chaki mkononi, kufundisha kugawanya. Baada ya miaka sita watoto wale hamsini wanafika kwenye mtihani wa mwaka wa sita wakiwa hawajui. Nasi twalia: Mtihani ni mkali! Mtihani haukukosa. Deni lile lililoachwa bila kulipwa katika mlango wa mwisho limerudi kulipwa na wadogo wasiokopa chochote.

Kwa hiyo hapa mwanafunzi apaswa kuweza, na asiyeweza asipewe. Lakini hata hapa tunaomba mambo mawili ya haki. La kwanza: mwalimu asikilizwe pamoja na karatasi. Kijana aliyepata alama njema miaka yote kisha akaanguka kwa pointi chache, jambo lake lichunguzwe na watu, lisiachwe kwa namba peke yake. La pili: aliyeanguka apewe upesi nafasi nyingine. Mara nyingi yeye hungoja mpaka mwaka unaofuata, akirudi darasani kwa aibu au akijifunza peke yake nyumbani. Kwa msichana mwaka huo mmoja mara nyingi ndio mwisho. Wazazi wakiona amekaa bure, wanamtafutia mume. Nafasi ya pili baada ya miezi miwili au mitatu isingepunguza ugumu wa mtihani hata kidogo, bali ingeokoa wengi.

Shahidi aliyenunuliwa

Sasa tufikie lile tuliloahidi kulitaja. Yote tuliyoyasema hapo juu yana maana ikiwa shahidi asema kweli. Lakini shahidi akinunuliwa?

Kila mzazi ajua mambo haya, na hakuna haja ya kutaja shule wala mji. Kuna mchango wa kuwalainisha walinzi wa chumba. Kuna majibu yanayoingia katika chumba kwa simu. Kuna anayekaa kuandika badala ya mwingine. Kuna mkubwa wa shule anayesema waziwazi kwamba asiyetoa mchango asije kumlilia. Mambo haya yamezoeleka hata yamepoteza jina lao. Hatusemi tena rushwa, twasema «kusaidia watoto».

Yalianzaje? Haitoshi kusema kwamba watu wameharibika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa umekwisha thamani. Migomo ilifunga shule. Ili watoto wasipotee, wazazi wakakubali kumwongezea mwalimu fedha kutoka mifuko yao, ile tuliyozoea kuiita primu. Ulikuwa mpango wa dharura, na bila huo shule nyingi zingekufa. Lakini dharura ilidumu miaka karibu thelathini. Mwalimu akazoea kula kwa mkono wa mzazi, na mzazi akazoea kumwona mwalimu kama mtu aliyemwajiri. Sasa, nani awezaye kumwambia tajiri wake, Mwanao hajui? Tangu 2019 primu iliondolewa katika shule za msingi za Serikali, lakini katika sekondari wazazi waliendelea kulipa. Na wako walimu wengi waliofundisha miaka mingi kabla majina yao hayajaingia katika orodha ya mishahara. Mtu mwenye njaa akiwekwa kulinda chumba cha mtihani, tumemtia majaribuni kabla hajafungua mlango. Kosa lake ni lake, lakini sehemu ya kosa ni ya wale waliomwacha na njaa.

Sisi Wakristo twajua ni amri gani inayohusika hapa. Watu wengi hufikiri kwamba mwenye kununua mtihani huvunja amri ya kutoiba. Twaona kwamba huvunja zaidi ile ya nane, inayokataza ushahidi wa uwongo. Diploma ya kununua ni shahidi wa uwongo mwenye muhuri wa Serikali, na hutembea na mtu maisha yake yote, ikisema uwongo ule ule kila mara anapoitoa mfukoni.

Jibu letu kwa Mama

Mama yule, tulipata habari zake baadaye. Hakutoa mchango wa pili. Twapenda kufikiri kwamba aliusikiliza moyo wake. Labda fedha tu zilikuwa zimekwisha. Mwanawe alianguka.

Tungependa kuwaambia kwamba alianguka kwa sababu hakutoa, na hivyo yeye ni shujaa. Hatujui. Huenda hesabu ilimshinda kweli. Hilo ndilo baya kuliko yote, wasomaji wapenzi: hakuna ajuaye. Shahidi akishanunuliwa mara moja, hasadikiki tena hata asemapo kweli. Aliyeanguka hajui kama alishindwa na maswali au na umaskini. Na aliyefaulu kwa jasho lake, aliyekesha na taa ya mafuta, anapopita barabarani na poda kichwani, husikia watu wakinong'ona: «Huyu naye, walitoa kiasi gani?» Rushwa haimwibii mwaminifu pesa tu, yamwibia hata sifa ya kazi yake.

Basi, Mama, hili ndilo jibu tulilopaswa kukupa siku ile. Uliuliza kama mwanao peke yake aanguke. Swali lako lilikuwa la haki, nasi hatukuwa na haki ya kukuachia mzigo ule peke yako. Mtu mmoja mwaminifu katikati ya wasio waaminifu huumia. Lakini wazazi arobaini wakikataa pamoja, mlinzi wa chumba atamwomba nani? Mchango ule uliamuliwa mahali fulani, katika mkutano, na watu wanaojulikana. Komite ya wazazi iko katika kila shule, nayo yaweza kusema hapana kwa sauti moja, na kuandika hapana hiyo katika daftari la mkutano. Mwalimu anayekataa kugusa fedha hizo naye asiachwe peke yake. Wazazi wamjue, wamsifu mbele za watu, na wamtetee akichukiwa na wakubwa. Nasi walimu, badala ya kumpa Mama maneno ya kumtuliza, tungalipaswa kusimama naye siku ile mbele ya Bwana Prefe. Hatukusimama. Twaliungama jambo hilo hapa.

Na wewe kijana uliyeanguka mwaka huu, sikiliza neno moja. Shahidi alisema siku nne tu za maisha yako. Kama alisema kweli, chukua daftari, jua ulipokosa, urudi tena. Kama hakusema kweli, hukumu yake si kitu mbele ya Mungu anayejua ulichokifanya. Kwa vyovyote, usikubali kununua mwakani kile ulichoshindwa kukipata mwaka huu. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, na sisi tumeona kwamba mwisho wake mara nyingi ni darasani, mbele ya watoto hamsini wanaongoja kufundishwa.

Mtihani ubaki, basi. Lakini katikati ya njia uonyeshe tu mahali pa kusaidia, na mwishoni uamue pamoja na mwalimu, kwa nafasi zaidi ya moja. Haya yataka sheria na fedha, na wakubwa wa nchi ndio watakaoulizwa. Lakini shahidi asinunuliwe: hilo halingoji sheria mpya. Mkutano wa wazazi wa shule yenu utafanyika lini?